Uliusamehe Uvimbe

Kaka yangu,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama alitulea hivyo, si kwa sababu umeistahili. Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, na kwamba wifi yangu na watoto hawajambo, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Shangazi naye hajambo, isipokuwa yale magoti yake, na anakusalimu sana. Habari za Baba nitakupa kwa utaratibu wangu mwenyewe, kwa hiyo usirukie mwisho. Nakujua, hata gazeti huwa unalianzia ukurasa wa nyuma.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa namba yangu umeifungia. Nilimpigia wifi, akanieleza kwamba uko kazini, nami nikakisikia kikohozi chako nyuma yake. Mtu mzima, ndevu zina mvi, unajificha nyuma ya khanga ya mkeo. Sikumlaumu yeye, maana sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeagizwa. Ukitaka kuichana barua hii, ichane, lakini isome kwanza, kwa sababu yaliyomo ni yako kama yalivyo yangu.

Maneno yako ya mwisho kwangu, pale sebuleni kwa Baba, mbele ya Shangazi, yalikuwa kwamba mimi sina moyo, nina ndoo. Ulimaanisha ile ndoo ya plastiki yenye kifuniko ninayofundishia chuoni, yenye ubongo ndani ya dawa ya kuhifadhia. Ulisema nimekaa na viungo vya wafu mpaka nikaanza kumwona baba yetu kama mmoja wao. Sikukujibu, kwa kuwa Baba mwenyewe alikuwa amekaa katikati yetu akicheka na kupiga makofi, akidhani tunataniana. Leo nakujibu, na utanisikiliza mpaka mwisho kwa sababu karatasi haiwezi kukatizwa maneno.

Tuanze na lile koti la mwalimu mkuu. Wewe na mimi tumekulia chini ya meza ya kukatia nguo, tukiokota sindano na vipande, na tunajua Baba alikuwa fundi wa namna gani. Mshono mmoja ukienda upande, alikuwa anafumua koti zima, kisha anamtupia usoni aliyeushona. Mimi aliniita Domo kwa kuwa niliuliza maswali. Wewe alikuita Gogo kwa kuwa ulichelewa kuelewa, na alikuita hivyo mbele ya wateja, mbele ya walimu wako, na siku ya harusi yako mbele ya wakwe. Futi yake ya mbao ilijua migongo yetu kuliko ilivyojua vitambaa. Basi mtu huyo ndiye aliyemkabidhi mwalimu mkuu koti lenye mikono miwili ya kushoto, na badala ya kuona haya akacheka mpaka akashika ukuta.

Ulinipigia simu ukiwa na furaha, ukasema mzee kalainika, umri umemtoa makali. Ulinihadithia jinsi anavyokumbatia wateja, jinsi anavyokuita mwanangu kipenzi, jinsi anavyocheka. Hukunihadithia kwamba alikuwa anawatania wake za watu kuhusu vifua vyao wakati anawapima, waume zao wamesimama palepale. Hayo niliambiwa na Shangazi, ambaye aliacha kukaa dukani kwa aibu. Wewe ulichagua ya kuona, ukayafumbia macho mengine.

Kisha ikaja ile alasiri ambayo unaitaja kama watu wanavyotaja siku ya kuzaliwa. Baba alikushika mkono akakuomba radhi kuhusu Mama. Nitalitaja jambo lenyewe wazi, maana katika familia yetu tumezoea kulizunguka. Mama alipochoka kupigwa alihamia kwa mama mdogo, na huko akaugua. Alipoona hali imekuwa mbaya alimtuma mtu aje kutuchukua ili atuone. Sisi tulikuwa shuleni. Baba alimsimamisha mjumbe mlangoni, akamwambia kwamba watoto wameulizwa, na watoto wamesema hawataki kwenda. Mjumbe alirudi na jibu hilo. Mama alikufa akiamini kwamba tulimkataa, na tulipata habari akiwa ameshazikwa. Mama mdogo alitueleza tulipokuwa watu wazima, na hata yeye alitueleza huku akitutazama kama anayetaka kuhakikisha kuwa kweli hatukusema hivyo.

Hilo ndilo Baba aliloliombea radhi, huku analia, na wewe ukalia, ukamwita Shangazi na majirani, ukamsamehe mbele ya watu. Ulinitaka nami nije. Nilikuja. Alinishika mikono yote miwili akanililia, akasema nimsamehe, shetani alimpitia. Sitakuficha, kaka, moyo wangu ulianza kulegea. Nilikuwa nimefika mpaka kufungua mdomo. Ndipo akaingia yule anayeleta vitambaa, Baba akaniachia mikono, akamgeukia yeye, akamwomba radhi kwa machozi yaleyale, sijui kwa kosa gani, wala yule mtu hakujua. Nilifunga mdomo wangu.

Nilibaki pale siku kadhaa nikimwangalia. Mchana mmoja alikuwa akinyoosha suruali ya bwana harusi, akaiacha pasi juu ya kitambaa, akageuka kunisimulia kisa. Moshi ulipanda. Harufu ya sufu inayoungua ilijaa duka zima, mimi nikaanza kukohoa, naye akaendelea na kisa chake, uso umetulia kabisa. Huyu ndiye baba aliyekuwa akinusa sigara kwenye kola yako kabla hujamaliza kufungua geti. Niliitoa pasi, kisha nikamfunga macho kwa kitambaa, nikamwambia ni mchezo. Nikampitishia puani sabuni, kahawa, ganda la chungwa, mafuta ya taa. Kila kimoja alisema ni waridi, akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishajua tatizo liko wapi.

Sasa soma polepole, maana hapa ndipo uliponikatiza sebuleni. Ukifungua fuvu la mtu, karibu kila unachokiona ni ubongo wa mbele: nusu mbili zilizokunjamana kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa kuanikwa. Ndani kabisa, katikati, kuna thalamasi, ambayo kazi yake ni kama ya mtu wa mapokezi ofisini. Linaloonwa, linalosikiwa, linaloguswa, yote hupita kwake kabla ya kupelekwa juu. Chini yake kuna haipothalamasi, kitu kidogo mno, ndicho kinachojua kwamba una njaa, una kiu, una joto, unataka kulala. Harufu peke yake haipiti mapokezi. Inaingia kutoka puani kwa neva nyembamba zinazopenya vitundu vya mfupa, na njia yake imelala chini ya sehemu ya mbele kabisa, nyuma ya paji la uso. Na hiyo sehemu ya paji ndiyo inayopanga, inayopima, inayozuia. Unamkumbuka Baba akitaka kusimamisha cherehani, jinsi anavyoweka kiganja juu ya gurudumu? Miguu inataka kuendelea, lakini kiganja kinasema hapana. Sehemu hiyo ndiyo kiganja. Kikiondoka, kila kinachokanyagwa kinashonwa, kiwe kicheko, matusi, machozi au radhi.

Nilimpeleka hospitali akapigwa picha ya kichwa, nawe ukaja, na picha ukaiona kwa macho yako. Uvimbe wa ukubwa wa chungwa, umekaa juu ya mfupa wa pua, umeibinua sehemu hiyo ya mbele kutoka chini, kushoto na kulia. Daktari wa upasuaji alitueleza kwa subira kwamba si saratani, kwamba umeota kwenye utando unaofunika ubongo, na kwamba umekua taratibu kwa miaka. Alisema ukiachwa utamaliza macho, kisha kutakuja degedege, kisha kifo. Ukitolewa, mzee anaweza kufia mezani, anaweza kubaki hivi alivyo, au anaweza kurudi alivyokuwa. Akauliza kabla ya hapo alikuwa mtu wa namna gani. Ulinitangulia kujibu. Ulisema alikuwa mkatili. Daktari akasema aliuliza ili ajue cha kutazamia atakapoamka, nawe ukanywea.

Basi tukakaa sebuleni. Ulisema kichwa cha Baba kisiguswe. Ulisema umeishi miaka yote bila baba, sasa umempata, na mimi nataka kumlaza mezani akakatwe. Nilikukumbusha kwamba atapofuka kisha atakufa. Ulijibu kwamba kila mtu atakufa, afadhali yeye afe akicheka. Ulisema Mungu amempa moyo mpya. Nilikwambia moyo wake ni uleule wa zamani na unapiga vizuri, kilichobanwa kiko juu zaidi, ndipo ukanitolea maneno ya ndoo. Tazama kichekesho chenyewe: wewe unayempenda ulikuwa tayari afe, na mimi ambaye nilikata mguu nyumbani kwake kwa miaka nikawa ndiye ninayemtaka apone. Ulisema nikiruhusu apasuliwe, nisikujue tena. Ukaubamiza mlango mpaka fremu ya picha ikaanguka. Kioo chake nilikizoa mimi.

Kilichotokea baada ya hapo hukijui, na ndicho nilichokuwa nakuzungushia tangu salamu.

Shangazi alikwenda kujilaza. Nilibaki na Baba, akiwa amekaa vilevile, anatabasamu. Nikamuuliza kama anakumbuka siku aliponiwekea pasi ya moto kwenye bega la kushoto. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba Baba hakuwahi kuniwekea pasi. Alitupiga, alitutukana, alitulaza njaa, lakini pasi hakuitumia kwa ubaya hata siku moja. Bega langu ni safi. Niliitunga hadithi hiyo palepale, nikaitia chumvi, nikataja harufu ya ngozi na jinsi nilivyopiga kelele.

Baba alilia. Alinishika mikono yote miwili. Alisema nimsamehe, mwanangu kipenzi, shetani alimpitia. Kisha akalipapasa bega langu la kulia kwa huruma, akalipuliza, kama mtu anayepoza chai ya mtoto. Yalikuwa maneno yaleyale uliyopewa wewe, kaka, yale uliyowaitia majirani. Yalikuwa machozi yaleyale aliyopewa mleta vitambaa. Ndani yake hakukuwa na mtu anayejua anachokiombea radhi. Nilikaa pale nikamtazama, na sikuhisi kwamba nimeshinda ubishi. Nilihisi nimeibiwa. Nilihisi nimekuja kudai haki yangu kwa mtu, nikakuta mtu mwenyewe kahama na nyumba kaachiwa mpangaji mcheshi. Nilikasirika kuliko siku zote za utoto wangu.

Kwa hiyo nilitia sahihi. Baba alipasuliwa, kaka. Ulikuwa umezima simu.

Usianze kulia hapo ulipo, maana hakufa. Mwanzoni alilala tu, uso umevimba, kichwa kimefungwa, hajui mchana wala usiku. Shangazi alisali, mimi nilikaa kwenye kiti cha chuma nikisahihisha mitihani ya wanafunzi na kuwapunguzia alama bila sababu. Baadaye akaanza kufungua macho. Kisha akanyamaza kwa siku nyingi, akitutazama kama watu waliomkalia mahali pake, na daktari akasema tusiwe na haraka. Sentensi yake ya kwanza iliyokamilika alimpa muuguzi. Alimwambia kwamba pindo la gauni lake limeshonwa na mlevi. Muuguzi alikasirika. Mimi nilitoka nje, nikasimama karibu na mapipa ya takataka, nikalia, na kama utasema ni kwa huzuni au kwa furaha, utakuwa unakisia kama mimi.

Niliporudi ndani akaniona. Akaniita Domo. Akauliza ni nani aliyeniruhusu kukalia kitanda cha mgonjwa.

Harufu haikurudi, na daktari anasema haitarudi. Chakula hakina ladha kwake, naye anamshutumu Shangazi kwamba anabania chumvi. Amewafukuza mafundi uliomwekea dukani. Amezikusanya kwa wateja nguo zote alizoshona wakati wa ugonjwa, akazifumua, na ile mikono miwili ya kushoto ya koti la mwalimu mkuu ameitundika ukutani, na akiulizwa anasema ni kazi ya Gogo. Ndiyo, huyo ndiye baba yako. Najua unasoma hapa ukinilaani. Unasema nilikunyang'anya baba aliyekupenda. Sikukunyang'anya, kwa sababu huyo hakuwahi kuwepo. Wewe uliusamehe uvimbe. Umo kwenye chupa kule maabara, na ukitaka kuukumbatia tena nitakuonyesha rafu.

Lakini sikia lililobaki, kisha uendelee kunichukia kwa raha zako.

Wiki iliyopita nilimkuta dukani peke yake, anashona. Nilimsubiri mpaka akamaliza upande mmoja wa suruali, kisha nikamuuliza kama anakumbuka siku aliponiwekea pasi ya moto begani. Alinitazama juu ya miwani kwa lile jicho. Akasema mimi ni muongo tangu utotoni, yeye hajawahi kumwekea mtu pasi, pasi ni ya nguo. Nikamwambia ni kweli, hajawahi. Akarudi kwenye mshono wake, akanung'unika kwamba ndiyo maana aliniita Domo.

Ndipo nikamuuliza lile la Mama. Nilimuuliza kama kweli alimwambia mjumbe kwamba sisi tumekataa kwenda.

Miguu yake ilikuwa bado inakanyaga. Aliweka kiganja juu ya gurudumu, cherehani ikasimama. Nikadhani atanifukuza. Kisha akasema, "Hilo nililifanya." Hakunitazama. Nilingoja neno la pili, nikiamini kwamba litakuwa tusi. Akasema, "Nilijua mkienda hamrudi."

Hakuomba radhi. Hakulia. Alilainisha kitambaa kwa kidole, akaondoa kiganja, akaendelea kushona, na mshono ulikuwa umenyooka. Mimi sijamsamehe na sidhani kama nitamsamehe. Ila kwa mara ya kwanza maishani ninaye mtu wa kumnyima msamaha, mzima, anayejua ninamnyima nini. Wewe ulipata machozi ya bure kama walivyopata wengine. Mimi nimepata maneno matano, na ni ya kweli.

Nilipokuwa nasimama kuondoka, aliniuliza Gogo yuko wapi. Nilimwambia una kazi nyingi. Akasema Gogo hajawahi kuwa na kazi nyingi. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza kama bega lako la kushoto bado limeshuka. Nilimwambia sijui. Akanung'unika kwamba basi uje mwenyewe upimwe, kwa sababu yeye hakati koti kwa kukisia.

Kwa hiyo njoo, au usije. Ukija, usilete majirani. Hatakukumbatia, na atakutukana kabla hujavua viatu. Ukitaka kumsamehe safari hii itakubidi umsamehe yeye mwenyewe, ana kwa ana, akiwa amekukodolea macho, na itakuuma. Kama hilo ni zito kwako, kaa huko nyuma ya khanga.

Msalimie sana wifi, umwambie sina kinyongo naye. Wabusu watoto, na yule mkubwa umwambie shangazi yake amefurahi kusikia amefaulu sayansi. Shangazi yetu anakuombea wewe na mgongo wako. Baba hakutuma salamu, ametuma swali, nami nimekufikishia kama lilivyotoka kinywani mwake.

Wako mdogo, ambaye uliambiwa hana moyo,

Domo